Beringi "kipofu": unaing'oa, unaichomoa au unaitoa?

Fundi baiskeli mmoja wa Arusha ameuliza hivi: "Natengenezaga baiskeli za milimani zile zenye shokapu mbele na nyuma, sasa nawaandikia vijana wangu maelezo kwa Kiswahili. Kwenye maungio ya fremu kuna beringi ndogo ambazo nyuma yake pamezibwa, huwezi kuzigonga kutokea upande wa pili. Programu ya kutafsiri imenipa 'ondoa beringi kipofu', vijana wamecheka sana. Niandike nini? Na ni kung'oa, kuchomoa au kutoa?"

Vijana wana haki ya kucheka. Beringi haina upofu wowote, kilichozibwa ni pale inapokaa. Kiingereza ndo kinaita shimo la namna hiyo kipofu, kwa vile ukichungulia huoni mwanga wa upande wa pili, programu ikalibeba neno kama lilivyo ikaenda kulibandika kwenye beringi. Sisi wala hatuhitaji sifa hiyo maana tuna tundu na tuna shimo. Tundu la sindano uzi unapita, tundu la pua hewa inapita, ila shimo lina chini yake, ukitumbukia unabaki humo. Kuna atakayeniambia mbona tunasema shule ina matundu ya vyoo kumi, sawa kabisa, tundu ni ule mdomo wa juu na chini yake ndo kuna shimo, wala hayagombani. Kwa hiyo andika "beringi iliyo kwenye shimo lisilotoboka", kijana atajua hapohapo kwamba nyundo kutokea nyuma haipo.

Sasa vitenzi. "Ondoa" kitupe, hicho ni Kiswahili cha barua za ofisini, unaondoa vikwazo, unaondoa gari barabarani, gereji hakuna anayemwambia mwenzake aondoe beringi. "Toa" ni sahihi na haikosei popote, shida yake haisemi mkono ufanye nini. Chomoa ni jozi ya chomeka, ile kauli ya kutendua kama ziba na zibua, bandika na bandua, yani kitu kilichomekwa sasa kinarudi kilikotoka, na mara nyingi kinatoka bila ugomvi: unachomoa chaji, unachomoa flashi, unachomoa ekseli ukishalegeza. Ng'oa haina jozi ya hivo, hakuna kitenzi cha "kung'eka". Yenyewe inaangalia ubishi wa kitu tu, jino, kisiki, msumari uliopigiliwa hadi kichwa.

Beringi ya maungio ni ya kundi la jino. Chukua hii ya namba 6902, kipenyo cha ndani milimita 15, cha nje 28, unene 7 tu, imeingizwa kwa kubanwa na hapo ina misimu kadhaa ya matope na maji ya kuoshea. Nyuma yake pengine kuna mwanya mdogo tu wa kupitisha ncha ya kifaa. Unaingiza kile kifaa chenye meno yanayotanuka, kinashika ringi ya ndani kwa nyuma, halafu unapiga kwa ile nyundo ya kuteleza inayovuta kuja kwako. Huko ni kung'oa, usione aibu kuliandika. Kifaa chenyewe mafundi wengi wanakiita pula, na mimi sina ugomvi nalo, maana tukifuata mtindo wa kizibuo tungepata "king'oo" na sijui nani angekwenda dukani kuliomba.

Ila ukishaandika ng'oa ongeza na hili, kwamba nguvu yote inapita kwenye ringi ya ndani na gololi, kwa hiyo beringi iliyong'olewa hivo hairudishwi, hata ikizunguka vizuri mkononi. Pia mara nyingine ya ndani inakuja peke yake, gololi zinamwagika sakafuni, ringi ya nje inabaki shimoni imenata. Na hapa angalia vijana wako wanavyoripoti: "imeng'oka nusu". Kwa sarufi hakuna kosa, kauli ya kutendeka ipo kwa kazi hiyo, lakini inamficha aliyepiga nyundo kabla ya kupasha joto. Mimi ningewataka waseme "nimeing'oa nusu".

Na ukifika kwenye joto usichanganye kukwama na kuganda. Iliyokwama imebanwa tu. Iliyoganda imeshikana na fremu kwa kutu ya alumini au kwa gundi ya kiwandani, na ndo inayotaka kupashwa zaidi, kwa vile alumini inatanuka karibu mara mbili ya chuma, shimo linapanuka kuliko beringi na gundi nayo inalegea. Kwa fremu ya kaboni hapo weka onyo kwa herufi kubwa, joto kali linaiharibu. "Imekufa" nayo waachie, kila mtu anaelewa beringi iliyokufa, tena inaeleweka haraka kuliko "iliyochakaa".

Ningeandika hivi: "Beringi hii ipo kwenye shimo lisilotoboka. Chomoa bolti, safisha mdomo wa shimo, pasha joto kidogo kama fremu ni ya alumini, kisha ing'oe kwa pula huku ukivuta kwa unyoofu. Mpya isukumwe polepole kwa kubonyeza ringi ya nje, usiguse ya ndani." Nimeweka "isukumwe", sijaweka "chomeka", kwa sababu kijana akisoma chomeka atajaribu kwa kidole, na akisoma "gonga" atakuja na nyundo.