Kabla hujamtumia fundi mchoro wa 3D

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya kuchora mitambo, nawaandikia kutoka karakanani, Kizota, hapa Dodoma. Kazi zetu nyingi ni za mashine za wakulima: za kukamua alizeti, za kupukuchua mahindi, za kupura mtama na uwele. Mimi nachora. Wanaokereza na kuchomelea hawakai nami chini ya paa moja. Fundi mmoja yuko Singida, mwingine Manyoni, mwingine Kibaigwa. Kwa hiyo nusu ya kazi yangu ni kufikisha mchoro hadi mikononi mwa mtu ambaye simwoni. Chuoni nilifundishwa kuchora. Kufikisha nilijifunza kwa hasara, na ningependa nyinyi mjifunze bila hasara hiyo.

Mwaka wangu wa pili kazini nilichora nyumba ya beringi ya mashine ya alizeti: kitovu cha duara kilichokaa juu ya sahani yenye matundu 6 ya bolti. PDF ya 3D nilikuwa nimeifahamu siku si nyingi, nikaipenda mno. Unafungua hati kama hati nyingine yoyote, unakishika kitu kwa kipanya na kukizungusha, unakikata katikati uone ndani, unaficha kipande kimoja uone kilicho nyuma yake. Mpokeaji hahitaji programu ya kuchorea. Nikaituma kwa WhatsApp kwa fundi wa Manyoni, kisha nikampigia. "Fundi, umeipata?" Akajibu, "Nimeipata, injinia, naiona vizuri." Nikalala nimetulia.

Sahani ilirudi na matundu 4.

Fundi hakuwa na kosa. Simu yake ilimwonyesha picha moja iliyoganda, ile inayokaa juu ya hati kabla 3D haijawashwa, na katika picha hiyo kitovu kilikuwa kimeyafunika matundu mawili ya nyuma. Alitoboa alichokiona. Aliposema anaiona vizuri alisema kweli. Mimi ndiye sikumuuliza anaona nini.

Basi jambo la kwanza: jua mwenzako anafungulia wapi. Programu nyingi za kusomea PDF kwenye simu, na vivinjari vya intaneti hata vya kompyuta, haviwashi 3D. Vinaonyesha picha tu, au boksi tupu. Acrobat Reader ya kwenye kompyuta inaiwasha, lakini nayo huja ikiwa imeizima. Juu ya ukurasa utaona mstari wa njano unaokuuliza kama unaiamini hati hii. Kuna sababu ya tahadhari hiyo. Mwishoni mwa mwaka 2011 Adobe ilitangaza udhaifu katika sehemu inayosoma 3D ya aina ya U3D (nitaieleza mbele), na tayari kulikuwa na wavamizi walioutumia kuingilia kompyuta za watu. Kwa hiyo usimwelekeze mteja afungue kila kitu moja kwa moja. Mwambie aiamini hati hiyo moja, iliyotoka kwako, baada ya wewe kumpigia na kumwambia kwamba unaituma.

Tangu sahani ile, hati yangu ya 3D haiwi ya ukurasa mmoja. Ukurasa wa kwanza una umbo linalozunguka. Ukurasa wa pili una mchoro wa kawaida: mbele, juu, ubavuni na mkato, pamoja na vipimo vyote vya kukatia. Huo unasomeka kwenye simu ya aina yoyote, na unaweza kuchapwa ukabandikwa ukutani kando ya mashine ya kukereza, maana fundi mwenye mikono ya grisi hawezi kushika kipanya. Ile picha ya juu ninaichagua mwenyewe, siiachii programu inichagulie. Nageuza kitu mpaka kila tundu lionekane, na chini yake naandika kwa herufi kubwa: HII NI PICHA TU, VIPIMO VIKO UKURASA WA 2. Pia nahifadhi mitazamo kadhaa na kuipa majina ya Kiswahili ambayo fundi anayatumia: "upande wa beringi", "upande wa bolti", "mkato wa katikati". Mtu ambaye hajawahi kuzungusha kitu kwenye skrini hupotea haraka. Akibofya jina anarudi mahali anapopajua.

Sasa nije kwenye jambo ambalo vijana wanaokuja kwetu kwa mafunzo ya vitendo karibu wote huja hawalijui.

Kijana mmoja nilimpa PDF ya 3D ya nyumba ya beringi 6205. Beringi hiyo muuza vipuri yeyote anaijua: ndani milimita 25, nje 52, upana 15. Nikamwomba aandike vipimo vya tundu kwenye karatasi ya kazi. Alifungua kifaa cha kupimia ndani ya hati, akabofya ubavu mmoja wa tundu, akabofya wa pili, akapata 51.56. Akaja kuniuliza kama beringi yetu ni ya oda maalumu. Namshukuru hadi leo kwa kuuliza.

Nilichukua beringi rafuni, nikampa venia aipime. 52.00. Kisha tukarudi kwenye kompyuta, nikabadilisha mwonekano ili mistari ya umbo ionekane. Lile duara laini likajionyesha lilivyo: pande nyingi zilizonyooka, zimeunganishwa. Akazihesabu kwa kidole juu ya kioo, zikafika 24. Ukichukua 52 ukazidisha kwa kosaini ya nyuzi 7.5 unapata hiyo 51.56 yake. Angekuwa na pande 12 angepata 50.23. Kompyuta haikumdanganya, ilipima sawasawa umbali kati ya pande mbili bapa. Ila kwenye chuma pande hizo hazipo.

Sababu ni kwamba ndani ya PDF 3D inaweza kuhifadhiwa kwa namna mbili. U3D, ambayo kiwango chake cha ECMA-363 kilitoka kwa mara ya kwanza mwaka 2004, hubeba wavu wa pembetatu. Kila kilichopinda kinakuwa vipande vilivyonyooka, vingi au vichache kadiri ulivyochagua wakati wa kuhifadhi. PRC ilifuata baadaye, na mwaka 2014 ikawa kiwango cha kimataifa, ISO 14739-1. Hiyo inaweza kubeba wavu, lakini pia inaweza kubeba umbo halisi, yaani tundu la duara linaandikwa kama tundu la duara, na mhimili wake na nusu kipenyo chake. Ukipima tundu hilo unapata 52. Shida ni kwamba kwa nje hati zote mbili zinafanana: jina linaishia na .pdf, alama ni ile ile. Ni wewe uliyehifadhi unayejua kilichomo, na kama hukuangalia wakati wa kuhifadhi, basi hata wewe hujui.

Nusu milimita ni kubwa kiasi gani? Tundu la 52 la kukalisha beringi, tukilikata kwa toleransi ya H7, linaruhusiwa kuwa kati ya 52.000 na 52.030. Ni sehemu 3 za mia za milimita. Likikatwa 51.56, beringi haiingii hata kwa nyundo, na fundi akiilazimisha atakuwa ameua beringi na nyumba yake. Kwa hiyo kila kipimo ambacho sehemu inakitegemea ninakiandika kwa tarakimu, pamoja na toleransi yake. Kifaa cha kupimia ndani ya hati nakiacha kwa maswali mepesi: je, kipande kitaingia kwenye gari, je, kuna nafasi ya mkono. Ukitumia PRC na programu yako ikiruhusu, unaweza kuvipandisha vipimo juu ya umbo lenyewe vikazunguka nalo; viwango vya ASME Y14.41 na ISO 16792 vinaeleza namna ya kuviweka. Navipenda sana, lakini ukurasa wa pili siuachi.

Msije mkadhani naikataa 3D. Nitawaambia ilivyonisaidia.

Tulikuwa tunatengeneza fremu ya mashine ya kukamua alizeti. Fundi wa kuchomelea wa Singida ni mtu mzima, ananizidi umri kwa mbali, namwita Mzee naye ananiita mwanangu. Kusoma mchoro wa karatasi anajua, ila alisema macho yamechoka na mistari myembamba. Kwa kuwa kijana wake ana duka la steshenari lenye kompyuta, nikatuma hati huko, na kwa simu nikamwongoza kijana kuiwasha. Mzee akakaa. Nikasikia ukimya mrefu, na kijana akiambiwa, "Geuza. Rudi kidogo. Hapo hapo." Kisha Mzee akachukua simu.

"Mwanangu, hii kona ya chini, kishikio cha rodi nakipitishia wapi?"

Nilifungua ya kwangu nikageuza kama alivyogeuza yeye. Kati ya kipande cha pembetatu kinachoimarisha kona na mguu wa giaboksi nilikuwa nimeacha nafasi ya milimita 40. Mshono upo ndani kabisa ya nafasi hiyo. Kwenye mchoro wa karatasi mistari ya vipande hivyo viwili ilipandana, na kwa wiki mbili nilikuwa naiangalia bila kuona kwamba nimechora mshono usioweza kuchomelewa na binadamu. Mzee aliuona kwa dakika chache kwa sababu yeye haangalii umbo, anaangalia mkono wake utakaa wapi. Tukasogeza mguu wa giaboksi, akaridhika, ndipo chuma kikakatwa.

Tangu hapo kila mkusanyiko wenye vipande vingi naupeleka kwa fundi kabla ya kuukamilisha, si baada. Na mitazamo ninayohifadhi naipanga kwa hatua za kazi: kwanza fremu tupu, kisha na giaboksi, kisha na shafti na puli, mpaka mwisho. Fundi akibofya kimoja kimoja anaona kipi kinatangulia. Hapo ndipo PDF ya 3D inapozidi karatasi kabisa, na hapo ndipo ningependa muitumie kwa bidii.

Kwa mwenye kukata kwa mashine inayoongozwa na kompyuta, hati hiyo haitoshi. Yeye mpe faili ya aina ya STEP, ambayo kiwango chake ni ISO 10303, kwa sababu hubeba umbo halisi na karibu kila programu ya uchoraji inaifungua, hata FreeCAD isiyo na malipo. Unaweza kuiambatisha ndani ya hiyo hiyo PDF, ikasafiri ndani yake kama barua ndani ya bahasha. Mwambie tu aangalie viambatisho, wengi hawajui kama vipo. STL, aina nyingine ya faili ya 3D, msiitume kwa kazi ya chuma. Mbali na kuwa wavu wa pembetatu, haisemi namba zake ni za milimita au inchi. Kipande cha 25 kikifunguliwa kwa inchi kinakuwa kikubwa mara 25.4. Hilo utaliona mara moja. La hatari ni pale mtu anapokuta ukubwa haueleweki, akaupunguza kwa kukisia.

Na kama mpokeaji ana simu tu, na unataka tu aone umbo likizunguka, kuna faili ya GLB, ambayo ni sura ya glTF, namna ya kuhifadhi 3D iliyotolewa na kundi la Khronos. Ni nyepesi kwa bando. Nayo ni wavu, hivyo si ya kupimia.

Matoleo. Hati ikishatoka mkononi mwako haibadiliki hata kama umebadilisha mchoro asubuhi inayofuata. Andika herufi ya toleo kwenye jina la faili na kwenye kila ukurasa, pamoja na tarehe. Ukituma toleo B, mwombe fundi afute A mbele yako, kwa maana ya kwamba mko kwenye simu mnaongea. Nimeshaona flashi moja ikiwa na faili tatu zenye jina "fremu mpya".

Kumbukeni pia kwamba PRC yenye umbo halisi ni mali ya mteja. Aliye nayo anaweza kuitoa ndani ya hati na kuitengeneza upya. Mteja akiomba hati ya kuonyesha wafadhili, mpe wavu usio na undani mwingi, na sehemu za ndani ziondoe kabisa. Kuzificha hakutoshi, zilizofichwa hufichuliwa kwa kubofya.

Siku hizi, nikishatuma, simwulizi fundi kama ameipata. Namwuliza anichomolee kitu kutoka humo. "Fundi, matundu ya bolti ni mangapi?" "Tundu la beringi andika ngapi, hadi ngapi?" "Kipande kipi kinachomelewa kwanza?" Wiki iliyopita yule wa Manyoni alinisomea matundu 6, 52.000 hadi 52.030, toleo C, kabla sijamaliza kuuliza, akaongeza kwamba skrini ya simu yake imepasuka kwa hiyo amekwisha chapa ukurasa wa pili. Nikamwambia akate.