Boga la kibarazani usilichonge mapema

Dada uliyeuliza uchonge lini boga la Halloween (ile sikukuu ya tarehe 31 Oktoba, watoto wanavaa mavazi ya kutisha na kupita nyumba kwa nyumba kuomba pipi, na boga linachongwa sura na kuwekwa taa ndani), subiri kwanza. Likishachongwa siku chache tu linaota ukungu ndani na mdomo unakunjamana kama bibi kizee asiye na meno, kwa hiyo sasa hivi panga maboga mazima kwenye ngazi za kibaraza halafu chonga tarehe 29 au 30 Oktoba, ukombe ndani vizuri (mbegu usitupe, kaanga na chumvi). Mshumaa achana nao kabisa, weka taa ya betri, watoto wanakuja na manguo yanayoburuta yale yanashika moto fasta. Utando wa buibui wa dukani mi sioni kama una maana, unaonekana pamba tu. Na tarehe 31 jioni washa taa ya mlangoni, ikiwa imezimwa watoto wanajua hapo hakuna pipi wanapitiliza.