Nendeni mkauangalie mtaa saa kumi na moja jioni

Mmeuliza wiki hii mzazi anayehama na mtoto achague vipi mahali pa kukaa. Mimi nimehama na mwanangu mara mbili ndani ya mwaka mmoja na mara ya kwanza tulikosea, kwa hivyo mniwie radhi nikiandika kirefu.

Sisi twatoka Kisauni, Mombasa. Mume wangu alipata kazi Mokowe, ule upande wa bara wa Lamu kwenye ofisi za kaunti, na mtoto alikuwa na miaka minne na nusu, yuko PP1, mwaka wa kwanza wa chekechea. Tulikuwa na mambo mawili tu kichwani, kodi na umbali wa kazini. Tukapata nyumba hapo hapo Mokowe, ya chini, ua mkubwa, geti la chuma, kodi chini ya ile ya Kisauni, babake akitembea dakika kumi yuko ofisini. Ukiisimulia ile nyumba haina ila.

Lakini mtoto alikaa nyuma ya lile geti miezi minne. Nje barabara, malori na pikipiki zapita mbio, jirani wa kulia yuwarudi usiku, wa kushoto ni wafanyikazi waliopanga pamoja na kila mwezi waja wengine. Siwasemi vibaya watu wa Mokowe, kuna familia kule zimekaa vizuri na watoto wao, ila pale tulipochukua sisi hapakuwa na mtoto hata mmoja wa kumwita mwanangu kwa jina. Siku moja nikamkuta amechuchumaa, jicho kwenye kitundu cha geti, yuwahesabu miguu ya watu wanaopita. Alikuwa amefika kumi na tisa. Usiku huo nikamwambia babake, huyu mtoto hapa twamfuga, hatumlei.

Ndio tukaanza kutafuta Amu, yaani Lamu mjini, kule kisiwani, na watu wakatutisha sana. Ati vichochoro, ati mitaro iko wazi, punda wapiga mateke, bahari iko pale pale. Na ni kweli yote. Huu mji wa kale UNESCO waliuweka kwenye urithi wa dunia 2001 na haukujengwa kwa ajili ya gari, kuna vichochoro punda wawili wenye mizigo hawapishani. Mimi hilo ndilo lililonivuta, mahali ambapo mtoto akichomoka mlangoni kitu cha kumgonga ni punda, na punda huwa na mtu nyuma yake anapiga kelele pisha pisha.

Safari hii dalali sikumwita kwanza, maana yule wa mwanzo alituapia maji ya mfereji yaja kila siku tukaja kuona yaja mara mbili kwa wiki. Nilivuka na boti siku moja peke yangu, nikaenda mtaa wa Langoni, nikanunua soda nikakaa kwenye baraza ya duka kutoka alasiri mpaka magharibi. Nyumba sikuangalia hata moja. Niliangalia watoto. Saa kumi na moja hivi madrasa ikatoka, kichochoro kikajaa, wengine na juzuu kifuani wengine washaanza kufukuzana, na kijana mmoja wa miaka minane hivi akaokota jiwe amtupie punda aliyefungwa pale kwenye nguzo. Kabla hajainua mkono sauti ikatoka ndani ya nyumba, mtu simuoni, "We! Mwambie mamako naja kwenu usiku!" Sio jiwe tu, hata mkono uliganda. Akaliweka chini taratibu akaenda zake. Nkamuuliza mwenye duka yule ni bibi yake? Akacheka, akasema hapana, huyo ni bibi wa mtaa, hata mimi alinichapa.

Nikajua hapa ndipo.

Nyumba ndio nikaja kuitafuta baadaye, ndani ya mtaa ule ule, na hapo ndipo mzazi asilale, sababu hizi nyumba za kale ni nzuri lakini zilijengwa na watu ambao watoto wao walizizoea. Yetu iko juu, ngazi za mawe, kila kidato na kimo chake. Darini, kule juu ya paa, ukuta ulinifika magotini. Chooni kuna birika la maji lililojengewa, na ndani wamewekwa visamaki vidogo vya kula viluwiluwi vya mbu, sasa hebu fikiria mtoto wa miaka minne aone samaki ndani ya maji yafaa aachwe peke yake? Nlimwambia mwenye nyumba sihamii mpaka ukuta wa dari upandishwe na birika lipate kifuniko cha mbao chenye komeo. Alinung'unika kidogo, tukagawana gharama za fundi, likaisha.

Kisha nikamchukua mwanangu tukatembea njia zake zote, kwa mwendo wake sio wangu. Shule, madrasa, dukani, na hospitali ya King Fahd. Hiyo ya hospitali ilinisaidia mwezi wa pili tu, homa ilimpanda saa nane usiku babake hayupo, na huku hakuna teksi ya kupigia. Nilimfunga mgongoni kwa leso, bibi wa mtaa akatangulia na tochi ya simu, kanzu ya kulalia na mtandio juu. Nilikuwa naijua kila kona ya ile njia. Na hapo niseme wazi, mwenye mtoto anayehitaji daktari bingwa kila mara asije kisiwani, sababu jambo likizidi ni boti halafu barabara ya masaa kwenda Mombasa, au ndege kutoka kisiwa cha Manda.

Kodi tunalipa zaidi ya Mokowe kwa nyumba ndogo zaidi. Babake yuwavuka na boti kila asubuhi, na wakati wa kusi bahari ikichafuka afika amelowa, kwa hivyo shati la kazi hubeba kwenye mfuko wa nailoni akavaa huko huko. Tulikubaliana hivyo tangu mwanzo, kwamba safari aibebe mtu mzima. Hajawahi kulalamika, na jioni akirudi hupokewa gatini na watoto sita, wake mmoja.

Mwanangu sahi huniambia "ndia" badala ya njia na "mato" badala ya macho, nyanyake wa Kisauni amshangaa kwenye simu.

Shoga yangu mmoja yuwaja kuhamia huku mwezi ujao na watoto wawili, ameona picha za nyumba mpya kule juu mtaa wa Kashmir, tailizi kila mahali, azitaka sana. Bodaboda zimekuwa nyingi kule. Sikumkataza. Nimemwambia asitume pesa kwanza, aje siku ya madrasa, tupande pamoja saa kumi na moja madrasa ikitoka, tununue soda tukae.