Noti ndefu inapotelea wapi?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi napiga kinanda kwenye kwaya hapa Kasulu, bado najifunza. Kila Jumamosi nafundishwa kwa simu ya video na mwalimu aliyeko Tabora mjini. Nikishikilia noti ndefu anasema nimeiachia mapema, na kidole changu bado kiko palepale. Tukipiga pamoja ananiambia nachelewa, wakati mimi nasikia yeye ndiye anayechelewa. Nimeanza kuamini sina sikio la muziki. Niendelee au niache? — Mpiga kinanda, Kasulu

JIBU: Marahaba mwanangu. Usiache, wala usijiambie tena kwamba huna sikio. Wewe umesikia sawasawa, na mwalimu wako naye amesikia sawasawa. Kinachowagonganisha kiko katikati yenu.

Tuanze na noti ndefu. Programu za simu za video zimetengenezwa kwa ajili ya mazungumzo. Sauti ya mtu anayeongea hupanda, hushuka na kukatika kila mara. Sauti inayokaa bila kubadilika, programu huihesabu kuwa kelele ya feni au jenereta, ikaipunguza mpaka ikafifia. Basi wewe unashikilia noti yako ya so kwa utii wote, Tabora inafika nusu. Kama mnatumia Zoom, ingieni kwenye mipangilio mtafute palipoandikwa Original Sound. Washa kwako kwanza, maana sauti yako inachujwa ndani ya simu yako kabla haijaondoka. Mwalimu naye awashe kwake. Ila ujue kwamba ukishawasha, kila kitu kitapita: jogoo, bodaboda, mvua juu ya bati. Masika ikikolea, ombeni kipindi cha asubuhi.

Halafu vaeni hedifoni, nyote wawili, na ziwe za waya. Sauti ya mwalimu ikitokea kwenye spika ya simu yako, inarudi tena kwenye maikrofoni. Programu ikitaka kuzuia mwangwi huo, inamnyamazisha mmoja wenu. Zile za Bluetooth huongeza ucheleweshaji, na maikrofoni yake ikifunguka, sauti hushuka kuwa ya simu tu. Za waya ni bei nafuu na zinafanya kazi vizuri zaidi.

Sasa kupiga pamoja. Sauti hewani huenda kama mita 340 kwa sekunde. Mkikaa kanisani mmeachana mita 10, mnasikiana baada ya milisekunde 30 hivi, na hapo ndipo wanamuziki wengi huanza kuhisi mapigo yanalegea. Simu ya video kwa kawaida huchelewa zaidi ya milisekunde 100. Usidhani ni umbali wa Kasulu na Tabora: ndani ya nyaya za fiber mwanga hukata kilomita 1,000 kwa milisekunde 5 tu. Muda unaliwa na simu yenyewe kuibana sauti, mtandao kuipitisha vituoni, na simu ya upande wa pili kuikusanya kwanza ndipo iitoe. Kila mmoja anamsikia mwenzake amechelewa, kila mmoja anamsubiri mwenzake, wimbo unazidi kuwa mzito. Zipo programu kama Jamulus na JackTrip zilizobuniwa kupunguza hilo, lakini zinataka kompyuta na intaneti ya waya iliyotulia. Kwa simu na bando, msipoteze nguvu huko.

Mwambie mwalimu wako, kwa heshima, mbadilishe utaratibu. Apige yeye, wewe maikrofoni umeizima, umfuate. Kwako mtakuwa sawa kabisa, naye ataangalia vidole tu. Kisha arekodi mkono wa kushoto akutumie. Upige juu yake katikati ya wiki, ujirekodi, umrudishie WhatsApp kama faili, si kama ujumbe wa sauti, maana ule hubanwa sana.

Na simu yako umeiweka wapi? Wengi huilekeza usoni. Uso hauna noti. Nina mwanafunzi huko Nguruka ambaye kila akipanda ngazi ya do kwa mkono wa kulia, fa ilitoka kwa kishindo. Tulirudia sana, polepole, bila nafuu. Nikamwomba aisogeze simu upande wa kulia wa kinanda, juu kidogo ya kiwiko. Hapo nikaona: pale kidole gumba kinapopita chini ya vidole ili kishike fa, kiwiko kiliruka nje kama bawa la kuku, na uzito wa mkono wote ukaangukia noti ile. Kosa lilikuwa mbali na vidole kabisa. Alipokituliza kiwiko, fa ikakaa na wenzake.

Mtandao ukilegea, zimeni picha mbakize sauti. Ukikatika kabisa, tunayo solfa, ule uandishi wa noti kwa herufi za do, re, mi, hazina ambayo kwaya zetu wakati mwingine tunaichukulia poa. Mwalimu anaweza kukuandikia mstari mzima kwa meseji ya kawaida, | d :r | m :– |, nawe ukaupiga jioni hiyohiyo. Vipimo, yaani vile visehemu vya wimbo kati ya mistari ya wima, vipewe namba kwenye karatasi zenu zote mbili, ili akisema "rudi cha 5" usibaki unatafuta.

SWALI: Mwalimu, niko Ujiji. Nina udi, ile ala ya nyuzi, nimeurithi kwa babu. Je, naweza kuanza kujifunza kwa video na mwalimu aliyeko Zanzibar? — Mrithi wa udi

JIBU: Kuendelea, ndiyo. Kuanza, natamani usafiri kwanza kama nauli ipo. Udi hauna vile vyuma vya shingoni vinavyogawa noti kama gitaa. Mahali pa kubonyeza panatafutwa na sikio, na namna ya kuupakata na kushika kigwaru, kile kijipande cha kupigia nyuzi, inataka mwalimu akuguse mkono. Chuo cha muziki cha Dhow Countries, Unguja, hufundisha udi. Ukishapata msingi, video itakufaa. Kwanza upeleke udi kwa fundi autazame kama haujaachia gundi, ubadilishe nyuzi, na kwenye simu uweke programu ya kulinganishia sauti za nyuzi. Nyuzi zikae sawa kabla mwalimu hajapiga simu, kipindi chote kiwe cha kupiga.