Uliza Ujibiwe: Choa cha mtoto, na dawa inayokuzwa chupani

SWALI: Asalam aleikum. Mwanangu wa darasa la pili ana choa kichwani, duara mbili tatu na nywele zimekatika hapo hapo. Nimemuosha na maji ya mwarobaini mpaka majani ya jirani yameisha, zile duara zinakauka siku mbili alafu zinarudi. Sasa kuna kijana hapa mtaani anasoma baiolojia chuo kikuu, ananambia siku hizi dawa ya fangasi yaweza kutolewa kwa seli za miti ya dawa zinazokuzwa ndani ya chupa, hata mti wenyewe si lazima. Ni kweli ama ananifanya mjinga? Na kama ni kweli mbona kemisti hazipo?
– Mama, Kisauni

JIBU: Waaleikum salam mamangu. Kijana hajakudanganya, ila tuanze na kichwa cha mtoto maana chupa zaweza kungoja. Choa cha kichwani si kile cha mkononi, fangasi wake huingia ndani ya unywele wenyewe mpaka chini kwenye shina, kwa hivyo mwarobaini unaishia juu ya ngozi na krimu pia inaishia hapo hapo hata ukanunua ya bei gani. Hio inataka dawa ya kumeza, mara nyingi griseofulvini ama terbinafini, wiki kadhaa mfululizo na kipimo kinafuata uzito wa mtoto, bas mpeleke kituo cha afya usijipimie mwenyewe. Kofia ya madrasa asiazimane na wenzake, kitana pia, na kinyozi mwambie asafishe mashine kabla hajamnyoa mwengine. Na tafadhali zile krimu za mchanganyiko zenye steroidi ndani, watu wanazipenda maana muwasho unakata siku ya kwanza, ziwache kabisa, steroidi inatuliza ngozi huku fangasi anaendelea kula raha.

Haya, sasa chupa. Unachukua jani changa ama kipande cha shina, unakiosha na jiki iliozimuliwa alafu maji safi yaliochemshwa kwa presha, manake bakteria mmoja akiponyoka chupa nzima imeenda. Unakikata kadogo, unakiweka juu ya jeli yenye sukari, chumvi za madini, vitamini na homoni za mimea. Chakula chenyewe mpaka leo wengi wanafuata kipimo cha Murashige na Skoog, waliokichapisha 1962 wakifanya kazi na tumbaku huko Marekani. Wiki chache baadae pale ulipokata panavimba, linatoka donge. Halina jani, halina mzizi, ukiligusa na kibano linamomonyoka kama chenga za ugali wa jana, jeupe ama manjano kidogo. Wanaliita kalasi. Ukilitia kwa maji ya chakula kile kile bila jeli, chupa ikawekwa juu ya mashine ya kutikisa usiku na mchana, zile chenga zinaachana zinaelea na kuzaana.

Utamu wa hadithi uko hapa. Mti hautengenezi sumu ya fangasi kwa ajili yetu sisi, unajilinda wenyewe, kule msituni kila siku kuna ukungu unajaribu kuutoboa. Sasa hii seli iliowekwa chupani ina sukari, haina adui, kazi yake ni kula na kuzaana, dawa haitengenezi ama inatengeneza kidogo sana. Kwa hivyo watafiti wanaitia hofu! Wanachukua ukungu wanauua kwa joto, wanausaga, wanatia kidogo ndani ya chupa, seli inadhani imevamiwa na inaanza kumwaga silaha. Miaka ya 1980 huko Canada walifanya hivyo na seli za mpopi, ule mmea wa afyuni. Seli zile chupani hazikuwa na habari na mofini, ile dawa kali ya maumivu ya mmea huo, lakini zilipotiliwa ukungu uliosagwa wa aina inayoozesha matunda zikatoa sangwinarini kwa wingi, na sangwinarini inaua bakteria na fangasi. Siku hizi wengine hawatumii ukungu, wanatia kitosani ya maganda ya kamba na kaa, ama homoni ya mmea yenyewe ya kutangaza hatari.

Mbona haiko kemisti? Kwanza seli ya mmea ni mvivu, bakteria anagawanyika kwa dakika, yeye anataka siku, na siku zote hizo tangi lazima libaki safi bila mdudu hata mmoja, hio ni pesa. Pili seli zikihamishwa hamishwa chupa zaweza kupunguza dawa bila sababu unayoiona. Waliofaulu ni wale ambao bidhaa yao ni ghali. Wajapani mwaka 1983 waliuza shikonini, rangi nyekundu ya dawa ambayo mzizi wake shambani unataka miaka na chupani wiki tatu hivi, ikaingia mpaka kwa lipstiki, na paklitakseli, dawa ya saratani, nayo inatolewa kwa seli za mti chupani. Fangasi wa ngozi kwa upande mwengine ana krimu ya klotrimazoli, inatengenezwa kiwandani kwa kemia na bei yake ni ya kawaida, nani atashindana nayo?

Ila usidhani haja haipo. Fangasi wana ukaribu na sisi wanyama kuliko bakteria, kwa hivyo kupata kitu kinachomuua yeye kikakuwacha wewe ni kazi ngumu. Shirika la Afya Duniani 2022 lilitoa orodha ya fangasi 19 wa kuangaliwa sana, na dawa za wale wanaoingia ndani ya mwili ni makundi manne tu. Na ya mimea si salama kwa kuwa ni ya mimea, hio sangwinarini Marekani iliwekwa kwenye dawa za meno na za kusukutua alafu ikahusishwa na mabaka meupe mdomoni, ikatolewa.

SWALI: Mimi ni mganga wa mitishamba, nachimba mizizi huku Kwale nauza Mombasa. Wakikuza seli huko kwao si ndo wametuibia miti yetu?
– Mzee, Likoni

JIBU: Mzee wangu shikamoo. Wasiwasi wako una msingi. Kipande cha jani cha ukubwa wa ukucha kikitoka hapa kimetosha, hawana haja ya kurudi. Ndo maana Kenya ina kanuni tangu 2006, mtafiti anataka kibali cha NEMA, mamlaka ya mazingira ya serikali, na makubaliano ya kugawana faida kabla hajachukua hata jani, na tangu 2014 kuna Itifaki ya Nagoya, mkataba wa kimataifa wa kugawana faida hizo. Akija mtu kwako na mfuko anauliza huu unatibu nini, muulize kibali kwanza, na usione haya.

Lakini na mimi nikuulize. Mzizi ukichimbwa wote mti si unakufa? Gome likizungushwa kisu pande zote si unakauka? Misitu ya kaya, ile mitakatifu ya Wamijikenda, imeingia orodha ya Urithi wa Dunia 2008 na bado watu wanaingia usiku na jembe. Jani la chupa haliui mti, mimi hapo naona heri yao kuliko heri ya jembe.

SWALI: Naeza jaribu kukuza hizo seli nyumbani, nina friji na mitungi ya jam?
– Mwanafunzi, Bamburi

JIBU: Joto na unyevu wa Bamburi huu? Utakuza ukungu, na hautakuwa ule uliouawa. Tafuta maabara ya chuo wanaokuza miche ya ndizi kwa tishu, JKUAT, chuo kikuu cha Jomo Kenyatta cha kilimo na teknolojia, wamefanya hio kazi miaka mingi, uombe kujifunza kuosha vipande na kushika kibano mbele ya moto bila kupumulia chupa. Ukiweza ndizi, seli utaziweza.