Elfu themanini kwa karatasi ya TANU ya mwaka 1978

Msomaji mmoja wa Sengerema aliniandikia wiki iliyopita akiuliza aanzeje kukusanya makaratasi ya siasa ya enzi za Vita vya Kagera. Ningemjibu kwa mbwembwe, maana nina miaka tisa kwenye shughuli hii na hapa mtaani wananiita bwana makaratasi. Bahati mbaya swali lake limenikuta nauguza kidonda.

Mwezi uliopita muuzaji ninayefahamiana naye siku nyingi alinipigia simu. Ana kipeperushi cha Novemba 1978: tawi la TANU linahimiza wananchi wachangie ng'ombe, mahindi na fedha kwa ajili ya vijana walioko mstari wa mbele. Karatasi imefifia, kona imeliwa na mende, mhuri wa zambarau upo. Chini kabisa yako maneno ya Mwalimu: sababu tunayo, uwezo tunao, nia tunayo. Mwili ulinisisimka. Mama yangu alikuwa msichana wa Kirumba wakati wa vita ile, na ndiye aliyenisimulia jinsi ndege ya Libya, iliyokuja kumsaidia Amin, ilivyotaka kuipiga Mwanza Machi 1979, mabomu yakaishia kisiwa cha Saanane na kuua swala. Akifika kwenye swala hucheka, kisha hunyamaza kwa muda mrefu. Nikiwa nimeishika ile karatasi nilikuwa namsikia yeye. Nikatoa 80,000 bila kuomba nipunguziwe hata mia.

Nikaipeleka kwa jirani yangu, mzee aliyewahi kuwa balozi wa nyumba kumi. Niseme kweli, nilifuata sifa. Akavaa miwani, akasoma mstari wa kwanza, akanirudishia.

"Kijana wangu, mwaka huo sisi tulishakuwa CCM."

TANU na ASP ya Zanzibar ziliungana kuwa CCM tarehe 5 Februari 1977! Tarehe hiyo naijua kama jina langu, na watu nimewasahihisha hadharani kwa makosa madogo kuliko hilo. Nilipompigia muuzaji alisema, "Vitu vya kale ndivyo vilivyo, bosi." Tangu siku hiyo simu yangu haipokei.

Kwa hiyo ndugu yangu wa Sengerema, soma karatasi kabla hujaipenda. Mende na mhuri visikubabaishe, karatasi inaweza kuzeeshwa kwa chai ya rangi. Tazama jina la chama, jina la nchi, jina la mkoa. Ukikuta "Tanzania" kwenye karatasi ya 1962, rudisha hela yako mfukoni. Ukimaliza kusoma, soma tena.

Za uchaguzi zina mtego wake. Wengi wakiona jembe na nyumba wanasema hii ni ya 1965. Ni kweli alama hizo zilitumika mwaka huo, wagombea wawili wa chama kimoja, mmoja jembe, mwingine nyumba, ili asiyejua kusoma naye achague. Lakini ziliendelea kutumika chaguzi zilizofuata, kwa hiyo jembe peke yake halikwambii mwaka. Ninayoipenda kuliko zote ni karatasi ya mfano ya kura ya Oktoba 1980. Kampala ilikuwa imeanguka Aprili 1979, Mwalimu akaomba miezi 18 ya kufunga mkanda, na hesabu ya miezi hiyo inaangukia palepale kwenye kura. Fikiria mtu amepanga foleni ya sukari asubuhi, jioni anakwenda kusikiliza mgombea wa nyumba. Karatasi hiyo niliipata soko la Mlango Mmoja, Mwanza, ikiwa imefungia karanga. Karanga shilingi mia mbili! Vijana wa siku hizi mnataka kila kitu mletewe kwenye simu. Mimi nimekula karanga nyingi mno kwa ajili ya historia ya nchi hii.

Kuhifadhi: bahasha, sanduku la bati, mbali na mchwa na unyevu wa ziwa. Usibandike selotepu. Usipige lamination, mimi niliharibu moja hivyo na sitaki kuizungumzia.

Yule mzee naye ana daftari lake la ubalozi, wa enzi hizohizo za vita, nani kachanga kuku, nani kachanga debe la mahindi. Alinionyesha jalada tu. "Haliuzwi," akasema. Nimeshakwenda mara tatu. Tunakunywa chai, tunaongea habari za dagaa, daftari liko juu ya kabati, na mimi najitahidi nisilitazame.