Nimepita usaili, sasa silali

Swali: Shikamoo dada. Nina miaka 21 na nimepita usaili wa mashindano ya kuimba ya televisheni. Wiki tatu zijazo naingia kambini na washiriki wenzangu. Kila ninayemwambia ananipongeza, lakini usiku silali. Wewe ulishapita huko. Maisha ya mle ndani yakoje hasa, na nijiandae vipi?

Jibu: Marahaba mdogo wangu, na hongera sana. Hofu hiyo naijua. Niliishi nayo wiki tisa, nikatoka nikiwa wa tano, na tangu hapo kazi yangu ni kufundisha sauti. Nakueleza yale niliyotamani mtu aniambie mapema.

Utangoja kuliko utakavyoimba. Wimbo wako hewani ni kama dakika moja na nusu, lakini utakumalizia siku nzima: nywele, vipodozi, kupima taa, kusimama kwenye alama ya plasta sakafuni kamera zikitafuta pembe zake, kisha kurudi kuketi. Utaimba na bendi mchana. Utaimba tena kwenye mazoezi ya mwisho ukiwa umevaa nguo za jukwaani. Katikati yake atakuja mtu na kamera ndogo, mpole kabisa, akuambie, "Tuimbie kidogo tu." Hapo kwenye "kidogo tu" ndipo sauti inapoishia. Niliyelala naye chumba kimoja alikuwa na sauti ya ajabu na moyo wa kutokukataa. Aliimba korido, aliimba garini, aliimba kwenye chumba cha vipodozi. Usiku wa matangazo ya moja kwa moja alifungua kinywa kwenye noti yake ya juu, ile anayoipata hata akiwa na usingizi, ikatoka hewa tupu.

Ukiimba noti ya La iliyo juu ya Do ya kati, nyuzi za sauti zinagongana mara 440 kwa sekunde. Ishikilie dakika moja, umezigonganisha zaidi ya mara 26,000. Kwa hiyo mazoezini punguza: imba oktavu ya chini, yaani noti zilezile kwa sauti nzito zaidi, shika mapigo na maneno, sauti kamili iache ya jioni. Waambie watayarishaji kwa adabu kwamba unatunza koo. Hao wamezoea kusikia hivyo. Usinong'one ukidhani unalipumzisha, kwa sababu kunong'ona nako kunachosha. Nyamaza. Maji anza kuyanywa asubuhi, kwani hayapiti juu ya nyuzi za sauti, yanakwenda tumboni, na nyuzi hupata unyevu baada ya mwili wote kupata. Na sauti ikikwaruza wiki mbili tatu bila kupona, nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo, hata kama umeambiwa ni uchovu tu.

Wimbo unaoupenda huenda usiupate. Wenye haki lazima waridhie, kwa hiyo utapewa orodha uchague. Ukishachagua, ufupishe wimbo wewe mwenyewe kabla hujaingia kwenye kikao, ujue ni beti lipi huliachi hata wakikubembeleza. Kii nayo, yaani ule urefu wa sauti ambao wimbo unaanzia na kurudia, chagua ile unayoiweza siku mbaya.

Sasa nisikilize vizuri hapa, maana ndipo nilipoumia. Kipindi kinatafuta hadithi, na hadithi inataka watu wa kuisimulia. Wiki ya nne mwenzetu mmoja aliimba hadi ukumbi ukasimama. Sisi wengine tulikuwa nyuma, mstari mmoja, tunapiga makofi. Kipindi kiliporushwa, wakati majaji wanamsifu, sura iliyoonyeshwa ilikuwa yangu: nimeinama, nimekunja uso, midomo nimeibana. Sura ile niliikumbuka mara moja. Ilichukuliwa mchana wa siku ile, wakati kisigino cha kiatu changu kilipobanduka na mimi nakikandamiza kishike tena. Usiku ule watu nisiowajua waliniita mwenye kijicho, wengine wakamtaja na mama yangu. Yule mwenzangu ndiye aliyenifuata chumbani, akaketi ukingoni mwa kitanda, akasema, "Mimi nilikuona ukipiga makofi."

Kiatu sikuweza kukizuia. Unachoweza kukizuia ni maneno yako. Kwenye yale mahojiano ya pembeni, swali lenyewe kwa kawaida halisikiki hewani. Ukiulizwa, "Je, fulani anakutisha?" ukajibu, "Ndiyo, ananitisha kidogo," watazamaji watasikia tu kwamba fulani anakutisha. Usirudie neno uliloletewa na muulizaji. Jibu kwa sentensi nzima, ya kwako, ambayo ikikatwa popote bado utakubali kuwa uliisema.

Mkataba usome na wakili, si na rafiki aliyesoma. Mimi wangu niliusoma peke yangu usiku, nimechoka, nikasaini, na ndani yake kulikuwa na kifungu kilichonizuia kutoa wimbo kwa miezi 15 baada ya kutolewa. Uliza nitafungwa muda gani nikishatoka, nyimbo nitakazotunga humo ni za nani, na nani ana haki ya kwanza ya kunirekodi au kunisimamia. Huenda wasibadilishe hata nukta. Lakini utaingia unajua.

Na kutoka kwenyewe kuna haraka ya kutisha. Begi unalipanga kabla ya kipindi, kila wiki, na jina lako likisomwa ndio basi. Baada ya siku chache za mahojiano, simu inanyamaza. Jennifer Hudson alitolewa akiwa wa saba kwenye American Idol mwaka 2004, na 2007 akapokea tuzo ya Oscar kwa kuigiza na kuimba kwenye filamu. Kundi la One Direction, lililokuja kuvuma dunia nzima, lilikuwa la tatu kwenye The X Factor ya Uingereza mwaka 2010. Kwa hiyo nafasi uliyotolewa nayo isikuumize kichwa. Shughulikia wiki mbili za kwanza. Kabla hujaingia, panga na mtu pa kuimba ukitoka, hata padogo. Mimi nilirudi kwenye kwaya yangu ya zamani, nikaimba sauti ya pili mstari wa nyuma, hakuna kamera. Jioni ile nilihisi koo langu ni langu tena.

Swali: Mwanangu ana miaka 17, yuko kwenye mashindano. Anasoma maoni ya watu usiku kucha kwenye simu. Nimnyang'anye?

Jibu: Usimnyang'anye, mama. Anaihitaji kusikia sauti yako. Muombe mkubaliane kwamba siku ya kipindi na siku inayofuata simu inakuwa na mtu mzima anayemwamini, na wewe umpigie kupitia kwake. Nakusihi pia usimsomee yale mazuri, kwa sababu akizoea kuyatafuta atayakuta yote pamoja. Mpigie mzungumze mambo ya nyumbani. Na akikuambia anataka kujitoa, usimkumbushe kura za watu. Muulize amelala saa ngapi kwanza, amekula nini, kisha msikilize mpaka amalize. Akilirudia hilo akiwa ameshapumzika, ana haki ya kutoka.

Swali: Nyumbani naimba vizuri. Nikiwekewa vile vidude vya masikioni jukwaani natoka nje ya kii. Kosa langu ni nini?

Jibu: Si kosa lako, ni mgeni hujamzoea. Vikiziba masikio yote mawili husikii ukumbi, na sauti yako inavuma ndani ya kichwa. Mwambie fundi wa sauti unachotaka, kwa majina: piano ipande, ngoma zishuke, sauti yangu iongezwe kidogo. Ukijisikia kwa nguvu mno utaanza kuibana sauti, na ukijisikia hafifu utapiga kelele. Fanya mazoezi nyumbani na vya kawaida vya simu, vyote viwili masikioni, wiki nzima. Halafu mfahamu yule fundi kwa jina lake, umsalimie kila asubuhi. Mle ndani yeye ndiye anayeshika masikio yako.